Yyteri: Ufuko Unaopanda Kutoka Baharini

Mgeni atokaye nchi za Ikweta, akiwasili Yyteri mwishoni mwa mwezi wa Juni, hudhani kwanza kwamba saa yake imeharibika. Saa yasema ni saa 4 usiku, lakini watoto wangali wakicheza mchangani, na jua lingali juu ya bahari. Litatua yapata saa 5 usiku na kuchomoza tena kiasi cha saa 10 alfajiri. Mchana wa huko, katika majira hayo, una urefu wa saa 19 hivi, na kati ya machweo na macheo giza halisi haliingii.

Yyteri iko magharibi mwa Finland, chini ya kilometa 20 kutoka mji wa Pori, kando ya Ghuba ya Bothnia ambayo ni mkono wa kaskazini wa Bahari ya Baltiki. (Herufi y katika lugha ya Kifini ni irabu. Huitamka vema yule atakayekunja midomo kama asemaye u, huku ulimi ukiwa mahali pa i.) Ufuko wa mchanga hapo ni wa kilometa kadhaa, na nyuma yake kuna matuta ya mchanga yaliyojengwa na upepo. Finland ina maelfu ya visiwa na pwani ndefu yenye miamba, lakini fuko za mchanga wenye matuta ni chache: Yyteri, Kalajoki, Vattaja, kisiwa cha Hailuoto, rasi ya Hanko na nyingine kidogo. Ndiyo sababu familia nyingi za Kifini husafiri hadi huko katika mwezi wa Julai, wakati maji ya ufukoni yafikapo nyuzi 18 au 20 za Sentigredi.

Mtu aliyekulia Mombasa au Kilwa akisimama hapo atatafuta kwa macho alama ya maji kujaa na kupwa, wala hataiona. Kwao bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3 wakati wa bamvua. Yyteri tofauti hiyo ni ya sentimeta chache tu, maana Baltiki imefungwa karibu pande zote, nayo huungana na bahari kuu kwa njia ya milango myembamba ya huko Denmark na Sweden. Maji yakipanda Yyteri, hata kwa kiasi cha meta 1, ni kwa sababu dhoruba imeyasukuma au kanieneo ya hewa imepungua. Mgeni huyo akionja maji atastaajabu tena. Kilo moja ya maji ya bahari kuu ina gramu 35 za chumvi. Ya hapo ina gramu 5 au 6 tu, kwa kuwa mito mingi humwagika katika ghuba hiyo na chumvi haipati njia pana ya kuingilia.

Lakini jambo kubwa kuliko yote hapo halionekani kwa jicho. Nchi inainuka.

Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita eneo lote hilo lilikuwa chini ya barafu yenye unene wa karibu kilometa 3. Uzito huo uliigandamiza nchi ikadidimia. Mwalimu anayetaka mfano wa karibu na autwae bandarini: jahazi lililosheheni hukaa chini majini, na kadiri wapagazi washushavyo magunia, ndivyo ubavu wake uinukavyo. Tofauti ni kwamba jahazi huelea juu ya maji, ambayo hupisha mara moja, ilhali ganda la dunia hukaa juu ya mwamba wa moto ambao hutiririka polepole mno. Barafu iliyeyuka zamani. Jahazi halijamaliza kupanda. Karibu na Pori nchi huinuka kwa milimeta 6 au 7 kila mwaka, na katika mlangobahari wa Kvarken, kaskazini zaidi, kwa milimeta 8 hadi 9. Visiwa vya Kvarken viliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006 kwa ajili ya jambo hilo.

Wakazi wa pwani walilijua kabla ya wataalamu. Mji wa Ulvila, juu kidogo ya mto Kokemäenjoki, ulipata haki za mji mwaka 1365 ukiwa mahali pa biashara pafikiwapo na meli. Karne mbili baadaye mto ulikuwa haupitiki tena kwa meli, na mwaka 1558 mtawala wa sehemu hiyo, Mwana wa Mfalme Juhana, aliamuru mji mpya wa Pori ujengwe karibu zaidi na bahari. Bahari ikaikimbia Pori nayo. Leo bandari ya mji huo iko nje, kwenye pwani ya wazi, mbali na soko na kanisa.

Ng'ambo ya ghuba, upande wa Sweden, Anders Celsius, yule ambaye jina lake hutajwa katika kila kipimajoto, aliagiza mwaka 1731 alama ichongwe juu ya jiwe la kisiwa cha Lövgrund ili vizazi vya baadaye vipime. Alipima vizuri, akafasiri vibaya: alidhani maji ndiyo yapunguayo. Ilikuwa hadi mwaka 1865 ndipo mwanasayansi wa Scotland, Thomas Jamieson, alipotoa hoja kwamba nchi ililemewa na barafu na sasa inarudi mahali pake. Kosa la Celsius si la kuchekwa. Mtu asimamaye ufukoni hana kitu kisichosogea cha kumwonyesha kipi kimepanda na kipi kimeshuka.

Milimeta 6 ni unene wa penseli. Hata hivyo mwanafunzi aweza kujikokotolea nguvu yake. Chukulia kwamba sakafu ya bahari karibu na ufuko inateremka kwa meta 1 katika kila meta 200, mteremko mdogo unaomwezesha mtoto kutembea mbali majini bila kuzama. Nchi ikiinuka milimeta 6, ukingo wa maji husogea meta 1 na sentimeta 20 kwa mwaka, na meta 120 kwa karne. Kila mwaka ukanda mpya wa mchanga, ambao jana ulikuwa sakafu ya bahari, huachwa wazi kwa upepo. Hiyo ndiyo malighafi ya matuta.

Mchanga wenyewe ulisagwa na barafu na kuchukuliwa na mito iliyotiririka kutoka chini yake. Punje zake nyingi ni kwatzi. Ukiwa umelowa hushikamana. Ukikauka, upepo wa kasi ya meta 5 au 6 kwa sekunde hutosha kuziondoa. Punje hazipeperuki kama vumbi. Huruka kidogo, huanguka, na kwa kuanguka huzigonga nyingine nazo zikaruka. Mwingereza Ralph Bagnold, aliyejifunza habari hizi katika jangwa la Libya na kuchapisha kitabu chake mwaka 1941, alionyesha kwamba kiasi cha mchanga unaosafirishwa hufuata kipeo cha tatu cha kasi ya upepo. Upepo uliokwisha pita kiwango cha kuanzia ukizidi maradufu, mchanga huzidi mara 8. Kwa hiyo dhoruba chache za vuli hufanya kazi kubwa kuliko pepo zote za kiangazi, wakati ambapo hakuna mtalii wa kuzitazama.

Mchanga huo ungesambaa tu kama kusingekuwa na mmea wa kuunasa. Mmea huo ni nyasi yenye majani mapana ya rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, ambayo wanabotania huiita Leymus arenarius. Majani yake hupunguza kasi ya upepo, na mchanga huangukia miguuni pake. Mmea mwingine ungekufa kwa kufukiwa. Huu hutoa mashina mapya juu ya mchanga mpya, na mizizi yake huufunga mchanga kama wavu. Tuta na nyasi hupanda pamoja.

Aendaye nyuma kutoka majini, kwa njia za mbao zilizotandikwa, hupita katika karne. Kwanza ni vituta vya kimo cha goti. Kisha tuta jeupe la nyasi ndefu. Baada ya hapo mchanga hutulia, nyasi hupungua, na ardhi hugeuka kijivu kwa likeni, ule muungano wa kuvu na mwani ambao hauhitaji udongo. Halafu huja vichaka vifupi vyenye matunda madogo meusi, na mwisho misonobari. Palipo na msonobari ambao chini ya mchanga wake nchi iko meta 6 juu ya bahari, palikuwa ukingo wa maji miaka 1,000 hivi iliyopita. Lakini na aangalie mtu asije akapima kilele cha tuta: kilele hujengwa na upepo, na hesabu hii ni ya kile kilicho chini yake.

Kwa upande wa kusini kuna tope na maji mafupi, na huko, kuanzia Julai, hushuka makundi ya ndege wadogo wa pwani watokao kuzaliana katika nchi za Aktiki. Miongoni mwao wamo wa aina zile zile ambazo wavuvi wa Mida, Kenya, na wa delta ya Rufiji huwaona wakichokoa matope katika miezi ya kaskazi.

Je, mguu wa binadamu huliharibu tuta? Jibu si rahisi kama vibao vya onyo vinavyodai. Likeni kavu hupasuka chini ya kiatu kama kaki, na huchukua miaka mingi kupona. Nyasi ikikanyagwa kila siku mahali pamoja hufa, na upepo huchimba shimo. Sheria ya desturi ya Finland humruhusu kila mtu kutembea katika ardhi ya mwingine ilimradi asidhuru, na watu maelfu wakifuata haki hiyo katika wiki zile zile chache, madhara huonekana. Lakini tuta lisiloguswa kabisa lina hatari nyingine, nayo huenda ni kubwa zaidi: hufunikwa. Mvua ya leo huleta naitrojeni itokayo mashambani na katika moshi wa magari, vichaka hunenepa, misonobari husogea, na mchanga wazi hutoweka. Hutoweka pamoja nao nyigu, mende na mimea isiyoishi pengine popote. Rasi ya Vattaja ni uwanja wa mazoezi ya kijeshi. Magari yake yaliyojeruhi matuta ndiyo hayo hayo yaliyosaidia kubakiza mchanga wazi.

Adui aliye wazi ni waridi. Rosa rugosa lilitoka mashariki ya Asia, likapandwa bustanini kwa uzuri wa maua yake na uvumilivu wake wa chumvi. Matunda yake huelea majini na huliwa na ndege, hivyo mbegu zikafika ufukoni, na humo likaota vichaka vya miiba ambavyo ndani yake hapapiti upepo wala mtoto. Tangu Juni 2022 limepigwa marufuku kupandwa nchini Finland.

Na bahari nayo imeanza kushindana. Kina cha bahari duniani sasa hupanda kwa milimeta 4 hivi kwa mwaka, kikiongezeka kasi, ilhali Yyteri hupanda milimeta 6 au 7. Ukanda mpya wa mchanga unaoachwa wazi sasa ni mwembamba kuliko ule wa siku za Celsius. Kusini, katika rasi ya Hanko, ambako nchi huinuka polepole zaidi, mashindano hayo yamekwisha kuwa karibu sare.

Kwa sasa kazi ya kiangazi ni ya jembe na koleo. Waridi likikatwa juu tu huchipua tena katika mizizi, na kila kipande kinachosahauliwa mchangani huweza kuwa kichaka. Kwa hiyo palipochimbwa mwaka huu hurudiwa mwaka ujao, na ule unaofuata, watu wakiinama jua la saa 3 usiku likiwapiga mgongoni.