Safari Zilipofutwa Arusha: Sheria Zilizoamua Nani Abebe Hasara ya Korona

Tanzania haikutunga sheria maalumu ya kuamua nani abebe hasara ya UVIKO-19 kati ya mwajiri, mfanyakazi, mteja na kampuni ya bima. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini aliingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro tarehe 15 Machi 2020, na Wizara ya Afya ikatangaza habari hiyo kesho yake. Tangu hapo, kila mgogoro uliozuka katika hoteli, kampuni za utalii na mashamba ya maua ya Arusha ulipimwa kwa sheria zilizokuwepo kabla ya ugonjwa: Sheria ya Mikataba, Sheria ya Bima ya 2009 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Hasara yenyewe ilikuwa kubwa. Watalii wa kimataifa walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walishuka hadi 620,867. Serikali ilifunga shule mwezi Machi, ikasimamisha ndege za kimataifa za abiria mwezi Aprili na kuzirudisha tarehe 18 Mei. Hata hivyo haikuamuru wananchi wajifungie ndani, wala haikuzifunga hoteli za Arusha, na milango ya hifadhi ilibaki wazi. Wageni hawakuja kwa sababu walizuiwa makwao, au kwa sababu ndege zilikoma kuruka. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini kisheria ndilo lililoamua mengi.

Chini ya kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba, makubaliano hubatilika pale utekelezaji wake unapokuwa hauwezekani kwa tukio ambalo aliyeahidi hakuweza kulizuia. Ugumu wa biashara peke yake hautoshi, wala gharama kupanda au bei kushuka. Mkulima wa maua wa Usa River aliyeona mnada wa Uholanzi ukiporomoka katikati ya Machi 2020 alipoteza soko, lakini mkataba wake wa kununua mbolea au kukodi majokofu uliendelea kuwa halali. Kampuni ya utalii iliyotakiwa kumpokea mgeni katika wiki ambazo ndege zilizuiwa ilikuwa na hoja nzito zaidi. Kwa safari ya Julai, ndege zikiwa zimerudi na hifadhi ziko wazi, hoja hiyo ilidhoofika, na kila upande ulirudi kusoma kipengele cha majanga yasiyozuilika katika mkataba wake, kama kilikuwemo.

Malipo ya awali yalileta maumivu zaidi. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba kinamtaka aliyepokea faida chini ya makubaliano yaliyobatilika airudishe. Barani Ulaya, sheria ya mwaka 2015 ya safari za vifurushi ilimpa msafiri haki ya kurudishiwa fedha zake ndani ya siku 14 pale safari inapofutwa kwa sababu za kipekee zisizoepukika. Wakala wa Ulaya aliyebanwa na wateja aliigeukia kampuni ya Arusha, na kampuni hiyo huenda ilikwisha kuzilipa loji za Serengeti na Ngorongoro. Fedha zilikuwa zimegawanyika njiani. Kuahirisha safari badala ya kuifuta kuliwasaidia wengi kuliko ambavyo kesi ingewasaidia, maana kesi ya kimataifa ya dola elfu chache humgharimu mdai zaidi ya deni lenyewe.

Wenye biashara wengi waliitazama bima kama kimbilio la mwisho, na hapo ndipo wengi walipovunjika moyo. Bima ya hasara ya kusimama kwa biashara kwa kawaida huambatana na bima ya mali: jengo liungue au lifurike kwanza, ndipo mapato yaliyopotea yafidiwe. Virusi havikubomoa ukuta wowote. Baadhi ya hati huongeza kipengele cha ugonjwa wa kuambukiza unaotokea ndani ya umbali fulani kutoka kwenye jengo, au cha amri ya mamlaka kulifunga. Vipengele hivyo ndivyo vilivyobishaniwa nchi za nje. Afrika Kusini, Mahakama ya Juu ya Rufaa iliamua tarehe 17 Desemba 2020 kwamba kampuni ya Guardrisk ilipaswa kuufidia mgahawa wa Cape Town uitwao Café Chameleon. Uingereza, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi tarehe 15 Januari 2021 katika kesi iliyofunguliwa na mdhibiti wa masuala ya fedha, na kwa sehemu kubwa wenye bima wakashinda.

Hukumu hizo zinaweza kuishawishi mahakama ya Tanzania, lakini haziifungi. Na hata mwenye hoteli aliyekuwa na kipengele kama hicho alikuwa katika hali ngumu kuliko wenzake wa Cape Town. Amri ya kufunga hoteli yake haikuwepo. Ushahidi wa wagonjwa jirani nao ulikuwa mgumu kuupata, kwani takwimu za taifa zilisimama tarehe 29 Aprili 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikurejea mpaka mwaka uliofuata. Anayedai fidia ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Mikopo ilipata nafuu ya haraka zaidi. Tarehe 8 Mei 2020 Benki Kuu iliamua kushusha kiwango cha akiba ambacho mabenki hulazimika kuweka kutoka asilimia 7 hadi 6, na ikaruhusu mikopo ya wateja walioathirika ipangwe upya.

Kwa waajiri, korona haikufuta hatua hata moja ya utaratibu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi au wahusika wenyewe kuhusu njia za kuepuka punguzo, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka na malipo yao. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi, hadi miaka 10. Aliyetumikia miaka 15 huhesabiwa 10 tu. Likizo bila malipo na kukata mishahara nusu, hatua zilizotumika sana katika utalii, zilihitaji maridhiano. Tangazo lililobandikwa ukutani halikuwa maridhiano. Aliyeachishwa isivyo haki alikuwa na siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa sheria ya wakati huo fidia haikupungua mishahara ya miezi 12. Aliyekuwa kazini chini ya miezi sita hakuwa na kinga hiyo.

Mfuko wa NSSF nao una fao la kukosa ajira: aliyechangia miezi 18 na kupoteza kazi bila kujiuzulu hulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Ni msaada wa maana. Lakini unamfikia tu yule ambaye michango yake ilikuwa imelipwa.

Wapagazi, wapishi wa safari na madereva wanaoitwa kwa simu mgeni anapopatikana walirudi nyumbani bila notisi wala kiinua mgongo, kwa kuwa hawakuwa na mkataba wa maandishi. Kukosa karatasi hakumwondolei mtu hadhi ya mfanyakazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, pale linapokuwepo walau jambo moja kati ya kadhaa: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, anatumia vifaa vya mwingine, anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mpagazi anayepandisha wageni Mlima Meru mara mbili kwa mwezi kwa kampuni ileile, kutoka lango la Momela hadi kibanda cha Saddle, anaweza kuzifikia saa hizo. Atunze majina ya safari, tarehe zake, ujumbe wa simu wa kuitwa kazini na kumbukumbu za malipo. Mbele ya Tume, huo ni ushahidi.