Umenunua gari la Japani? Pima kwanza kabla ya kubadilisha redio

GARI limewasili kutoka Mombasa, limeoshwa likang'aa, na watoto wa mtaa wamekwisha kulizunguka mara tatu. Baba mwenye nyumba anawasha redio ili jamaa wasikilize taarifa ya habari. Kinachosikika ni mvumo mtupu, kama wa mvua juu ya mabati. Kwenye kioo pametokea maandishi ya Kijapani, na sauti ya bibi mmoja mpole inatoa maagizo ambayo hakuna aliyemo ndani ya gari awezaye kuyafahamu.

Waliowahi kununua gari la mtumba mitaani Umoja, Donholm, Buruburu, Kayole au Komarock wanaijua hali hii vyema. Jibu la wengi huwa ni lile lile. Kesho yake hushuka mjini, Luthuli Avenue au Kirinyaga Road, wakarudi na redio yenye kioo kikubwa na taa za rangi saba. Aghalabu huwa wameinunua kwa macho. Wiki mbili baadaye betri inalala kila usiku, au spika za nyuma zimenyamaza, au kuna harufu ya plastiki iliyoungua ambayo hakuna ajuaye inatoka wapi. Redio ya gari huchaguliwa kwanza ndani ya gari lenyewe, kwa rula na tochi, kabla ya kufika dukani.

Tuanze na ule mvumo. Redio haijaharibika hata kidogo. Magari mengi yaingiayo nchini ni mitumba ya Japani, nayo sheria yetu hairuhusu yaliyozidi miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Kule Japani masafa ya FM kwa miaka mingi yalianzia 76 hadi 90. Kwetu Kenya huanzia 87.5 hadi 108. Basi redio ikomayo 90 itaipata Ghetto Radio iliyo 89.5, na nyingine chache za jirani yake. Lakini Radio Taifa ya KBC iko 92.9, Capital FM 98.4, Classic 105.2 na Radio Citizen 106.7. Zote hizo ziko nje ya ua. Katika miaka ya 2010 Wajapani waliongeza masafa yao hadi 95, kwa hivyo magari ya karibuni yana nafuu kidogo, ila kidogo tu.

Iko dawa ya bei nafuu ambayo mwenye pesa chache hana budi kuijua kabla ya kung'oa chochote. Ni kijikopo kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda, kinachochomekwa kati ya waya wa eriali na redio. Kazi yake ni kuyateremsha masafa. Kikiwa cha kuteremsha 20, Radio Citizen ya 106.7 utaipata penye 86.7, na Classic ya 105.2 penye 85.2. Hesabu hii ina upungufu wake. Radio Taifa ya 92.9 ikiteremshwa 20 itaangukia 72.9, chini ya mahali redio ya Mjapani inapoanzia, na hutaisikia kamwe. Ukitumia cha kuteremsha 10 utaipata Radio Taifa penye 82.9 lakini utaikosa Citizen. Dirisha la Mjapani lina upana wa 14, nasi tunataka kupitisha kitu chenye upana wa zaidi ya 20. Mwulize muuzaji kifaa chake kinateremsha kiasi gani, kisha ukapige hesabu na stesheni zipendwazo nyumbani kwako. Ikiwa wewe ni mtu wa stesheni mbili tatu tu, huenda safari ya dukani ikaishia hapo.

Asiyetosheka na hilo, achukue rula. Redio za magari hutengenezwa kwa vipimo viwili vinavyojulikana duniani kote, vilivyoanzia Ujerumani na kuitwa DIN. Kimoja ni cha upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Cha pili kina upana ule ule lakini kimo mara mbili, milimita 100, na hiki ndicho cha vioo vikubwa vinavyotamaniwa siku hizi. Toyota wana mazoea yao. Katika magari yao mengi shimo lina upana wa 200, kwa hivyo redio ya kawaida itaacha pengo kando na itahitaji vipande vya kuzibia. Wenye Vitz, Probox na Fielder wasikubali kuambiwa na muuzaji kwamba "itaingia tu". Pima upana, pima kimo, na uulize kuhusu kina pia, maana nyuma ya shimo mna nyaya na mabomba ya hewa. Baadhi ya magari ya karibuni yana redio yenye umbo lake la pekee, na hayo yanadai fremu iliyotengenezewa gari hilo hilo.

Kama unaendesha lori au matatu kubwa ya Isuzu, jambo la kwanza ni umeme wenyewe. Magari madogo hutumia volti 12, ilhali hayo makubwa aghalabu hutumia 24. Redio ya 12 ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa 24 haiishi hata dakika moja. Lazima pawe na kifaa cha kupunguza umeme kati yao.

Sasa tufike kwenye nyaya, na hapa ningemwomba msomaji asiwe na haraka, kwa kuwa ndipo pesa na hata magari hupotelea.

Nyuma ya redio mpya utakuta waya wa manjano, mwekundu na mweusi. Wa manjano hupata umeme wa betri wakati wote ili redio isisahau saa na stesheni zako. Mwekundu hupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi hufungwa kwenye bodi ya gari. Fundi mvivu akiunganisha wa manjano na mwekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio haitalala, na asubuhi utawaita majirani wasukume gari. Akiwaunganisha wote wawili kwenye ufunguo, kila uwashapo gari itabidi utafute stesheni upya. Kisha kuna nyaya nane za spika, mbili kwa kila spika, zenye rangi nyeupe, kijivu, kijani na zambarau. Hizi haziguswi na bodi ya gari hata kidogo. Wako mafundi wa zamani waliozoea kufunga upande mmoja wa spika kwenye bodi. Redio za leo hazivumilii mtindo huo, kwani huunguza moyo wa redio mara moja.

Baya kuliko yote ni kisu. Gari lilipotoka kiwandani liliwekewa soketi nyuma ya redio. Madukani huuzwa soketi ya kuunganishia, ambayo upande mmoja huingia kwenye soketi ya gari lako, iwe Toyota, Nissan au Mazda, na upande wa pili huunganishwa na redio mpya. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na redio. Hata hivyo, kuna mafundi ambao huikata soketi ya gari kwa wembe na kusokota nyaya kwa vidole, wakazifunga kwa utepe. Joto la dashibodi katika jua la Januari hulegeza gundi ya utepe huo, waya ukabaki uchi, ukagusa chuma. Kama fyuzi ipo na ni ya kiasi kinachofaa, itakatika na utakuwa umesalimika. Kama fundi aliiondoa akaweka kipande cha waya kwa kuwa "ilikuwa inakatika katika", basi hakuna tena kitu cha kuuzuia moto. Fundi akikuambia soketi hiyo haina haja, mshukuru, ufunge boneti, uende kwa mwingine. Mafundi hodari wapo tele, Kariobangi Light Industries na kando ya Jogoo Road, na wengi wao watafurahi kukuona umekuja na soketi yako mkononi.

Kuhusu nguvu, usidanganywe na tarakimu zilizopambwa kwenye boksi. Boksi litasema wati 50 mara nne, maana yake wati 200. Geuza redio utazame fyuzi iliyo nyuma. Ikiwa ni ya ampea 10, na umeme wa gari linalonguruma ni volti 14.4 hivi, basi umeme wote uwezao kuingia ndani bila fyuzi kukatika ni wati 144. Sehemu ya huo hugeuka kuwa joto. Wati 200 zitatoka wapi? Tafuta maandishi madogo penye herufi RMS. Hapo ndipo ukweli ulipo, nao kwa kawaida ni wati 15 hadi 22 kwa kila spika. Kiasi hicho kinatosha kabisa gari la nyumbani. Ukiona sauti bado ni nyembamba, tatizo huenda ni zile spika za karatasi zilizotoka Japani. Spika mbili nzuri kwenye milango ya mbele zitakufaa kuliko redio ya bei maradufu.

Najua kijana wa nyumbani hatakubali. Amekulia akisikia matatu za nambari 58 za Buruburu, na angetaka gari la baba lingurume vivyo hivyo. Basi na ajue kwamba matatu ina vikuza sauti vyake mbali na redio, na injini yake huzunguka kutwa nzima ikichaji betri. Kikuza sauti cha wati 300 hunyonya ampea 25 kutoka betri ya volti 12, na hiyo ni bila kuhesabu kinachopotea kwa joto. Betri ya gari dogo yenye ampea-saa 40 haimalizi hata saa mbili gari likiwa limezimwa, Jumapili, linaoshwa. Na jirani naye ana masikio. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, hazibagui kati ya matatu na gari la nyumbani.

Pesa ambazo kijana angezitia kwenye kelele, mimi ningezitia kwenye kamera ya nyuma. Katika mitaa yetu watoto huchezea palepale magari yanapoegeshwa. Kati ya ukuta wa jirani na buti la Fielder kuna nafasi ya mpira, ya kamba ya kuruka, na ya mtoto wa miaka mitatu aliyechutama akichora mchangani. Mtoto wa kimo hicho haonekani kwenye kioo chochote cha dereva. Redio ya kioo kikubwa yenye tundu la kamera huonyesha picha mara tu gia ya kurudi nyuma inapotiwa, mradi waya wake umeunganishwa na taa ya kurudi nyuma. Ukiwa dukani usitazame sinema wanazokuonyesha. Mwambie muuzaji aizime redio, aiwashe, kisha atie kamera hapo hapo. Zile za Android, hasa zenye kumbukumbu ya GB 1, baadhi yake huchukua muda mrefu kuamka, na kamera inayoamka baada ya gari kukwisha kurudi nyuma haina kazi. Pia fahamu kwamba ramani na video za Android hula bando la simu yako.

Kuna na waya mwembamba wa breki ya mkono. Umewekwa ili video isionekane gari likiwa mwendoni. Mafundi wengi huufunga kwenye bodi bila hata kukuuliza, ili "mteja afurahie". Mkataze. Dereva anayetazama muziki kwenye Outering Road saa kumi na mbili jioni hana tofauti na aliyefumba macho.

Suala la wezi halikwepeki kwa anayelaza gari nje ya ploti. Redio nyembamba ya DIN moja mara nyingi ina uso unaong'oka, ukautia mfukoni na kupanda nao ngazi. Zenye kioo kikubwa kwa kawaida hazina fursa hiyo. Kama gari lako halina geti wala mlinzi, hilo pekee linaweza kukuamulia. Nawe ukiuziwa redio kando ya barabara kwa bei ya kutupa, nyaya zake zikiwa zimekatwa zikining'inia, jiulize zilikatwa na nani. Kifungu cha 322 cha sheria ya makosa ya jinai kinamhusu anayepokea mali ya wizi, na kifungo chake hufika miaka 14. Dai risiti yenye nambari ya redio.

Fundi akimaliza, usitoe pesa kabla ya kukagua. Washa gari, washa taa, piga honi. Peleka sauti kwenye spika moja moja, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Tia gia ya kurudi nyuma. Bonyeza vitufe vya usukani, maana katika magari mengine haviwezi kufanya kazi bila waya wake wa ziada. Zima, toa ufunguo, subiri dakika chache, kisha uwashe tena uone kama stesheni bado zipo. Na ile redio ya Kijapani usimwachie fundi hata akikuomba kwa tabasamu. Atakayelinunua gari siku moja huenda akaitaka. Iviringe katika gazeti kuukuu pamoja na skrubu zake, uitie chini ya kitanda.