Jembe Siku ya Kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mhadhiri msaidizi anayeripoti kazini katikati ya muhula hazipati siku hizo mbili. Asubuhi anawasilisha barua ya ajira na vyeti, mchana anakabidhiwa kozi iliyoachwa na mwenzake aliyekwenda masomoni, na wiki hiyohiyo anasimama mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi. Pengine miezi kadhaa baadaye ataitwa kwenye mafunzo elekezi ya siku mbili tatu: historia ya chuo, maadili ya utumishi, taratibu za likizo, mafao ya uzeeni. Hayo yote anapaswa kuyajua. Lakini kumtuliza mtumishi mpya ni kazi ya mwaka mzima, mahali pake ni idarani, na haitafanyika mpaka itengewe saa kama inavyotengewa kozi yoyote.

Tuanze na namna anavyopatikana. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, anayetaka kuwa mkufunzi msaidizi hutakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Anayeomba uhadhiri msaidizi huongezewa sharti la 4.0 katika shahada ya umahiri. Ni kipimo kizuri cha jambo moja, kwamba mtu huyu alikuwa mwanafunzi hodari. Hakisemi lolote juu ya kutunga mtihani unaopima uelewa, kusahihisha karatasi 400 kwa mizani ileile kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, au kumsimamia mwanafunzi aliyekwama katika tasnifu. Hata hivyo, mwanataaluma ana nafuu, kwa kuwa ngazi zake hadi uprofesa zimeandikwa na kila mtu anajua kwamba bado anakua. Mwendeshaji, awe ofisa udahili, mhasibu, mkutubi au fundi sanifu wa maabara, huchukuliwa kama aliyekuja ameshaiva. Lakini chuo kina kalenda yake, kamati zake na mlolongo wa maamuzi usiofanana na wa halmashauri au benki alikotoka.

Zamani jambo hili halikuhitaji mpango mkubwa. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiofika hata 20. Mahali padogo namna hiyo, mgeni hujifunza kwa kukaa na wenyeji: husikia wanavyozungumza na wanafunzi, huona wanavyosahihisha, huuliza wakati wa chai. Leo chuo kikuu ni mji. Ndaki zimetawanyika, na mlango wa jirani unaweza kufungwa wiki nzima kwa kuwa mwenye ofisi yuko kwenye utafiti au ushauri elekezi. Maarifa yaliyokuwa yakienea barazani sasa yanahitaji ratiba.

Ratiba hiyo iwe na nini? Mwaka 2007 Talya Bauer na wenzake, watafiti wa Marekani, walichanganua kwa pamoja matokeo ya sampuli 70 za watu walioingia kazi mpya. Walitazama mambo matatu yanayoonyesha kwamba mgeni ametulia: kuijua kazi anayodaiwa, kuamini kwamba anaiweza, na kukubaliwa na wenzake. Semina inaweza kuligusa la kwanza, tena juujuu. Imani ya kuiweza kazi hujengwa pale mtu anapoifanya mbele ya anayeijua, akaambiwa palipo sawa na palipopinda. Kukubaliwa nako hutoka kwa watu wa korido moja; Idara ya Rasilimali Watu haiwezi kulitoa hilo kwa barua.

Utafiti uliofanywa vyuoni unatilia mkazo hapohapo. Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewafuatilia wahadhiri wapya na kuandika kitabu juu yao mwaka 1992, aliona desturi inayojirudia: mgeni anamezwa na maandalizi ya mihadhara, anaishindilia taarifa kupita kiasi, anaahirisha kuandika, na anabaki mpweke. Wachache waliotulia mapema waliandaa kwa kiasi, wakaandika kidogokidogo mara kwa mara, na wakawatafuta wenzao. Graham Gibbs na Martin Coffey nao, mwaka 2004, walitoa matokeo kutoka vyuo vikuu 22 katika nchi 8. Wahadhiri waliopitia mafunzo ya ufundishaji, yaliyochukua miezi, walizidi kumjali mwanafunzi anavyojifunza. Katika kundi la ulinganisho lisilopata mafunzo, maendeleo hayo hayakuonekana, na baadhi ya mabadiliko yalikwenda kinyumenyume. Kwa hiyo asidhani mkuu wa idara kwamba mgeni aliyeachwa peke yake atabaki alivyokuja.

Kinachohitajika kiko ndani ya uwezo wa idara. Katika muhula wa kwanza mgeni apewe kozi moja pungufu, na asibebeshwe kozi ambayo kila mtu ameikimbia. Akabidhiwe mitihani ya miaka iliyopita pamoja na miongozo yake ya kusahihishia, maana humo ndimo viwango vya idara vilimojificha. Awe na mlezi, ambaye saa zake za ulezi zihesabiwe katika mzigo wake wa kazi. Mlezi huyo aingie darasani mwa mgeni na mgeni aingie kwake, kisha wazungumze. Mwendeshaji naye akae mezani na mwenzake katika mzunguko mmoja kamili wa kazi, uwe wa udahili, usajili au mitihani, kabla ya kuachiwa meza peke yake.

Litakuja pingamizi: watu hawatoshi na wanafunzi ni wengi, nani atabeba kozi hiyo moja? Upungufu ni wa kweli. Lakini gharama hiyo hata sasa inalipwa, ila haiandikwi popote. Inalipwa katika matokeo yanayorudishwa na bodi ya mitihani, katika malalamiko ya alama, katika kozi inayotungwa upya kila anapobadilika mwalimu, na katika kijana aliyegharimiwa masomo ambaye baadaye anahamia kwingine. Kozi moja kwa muhula mmoja ni deni dogo kuliko hayo. Idara isiyoweza kuitoa kabisa inaweza angalau kumweka mgeni afundishe pamoja na mzoefu, wakagawana mihadhara na usahihishaji.

Pingamizi la pili husemwa kwa fahari: sisi tulitupwa majini tukaogelea. Wasemao hivyo ni walioibuka, na waliozama hawamo kikaoni kutoa ushahidi. La tatu lina uzito zaidi: mlezi anaweza kumfanya mgeni mchukuzi wa mikoba yake, akamsahihishisha mitihani yake na kujiandika jina kwenye utafiti wa mgeni. Hatari hiyo ipo, hasa pale mlezi ndiye pia anayemtathmini. Dawa yake ni kutenganisha kazi hizo mbili, na kumpa mgeni zaidi ya mtu mmoja wa kumwendea: mmoja kwa ufundishaji, mwingine kwa uandishi, hata kama wa pili yuko idara nyingine.

Wala hatuhitaji kubuni chombo kipya. Mtumishi wa umma huanza na kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini, na mwisho wake mkuu wa idara hutoa maoni kama anafaa. Maoni hayo yangeongezewa maswali machache kwa idara yenyewe: mlezi alikuwa nani, walikutana mara ngapi, mzigo ulipunguzwa kwa kiasi gani, nani aliingia darasani mwake. Idara isiyo na majibu haina haki ya kuandika kwamba mgeni hafai, kwa sababu ilimpa jembe na haikumwonyesha mpaka wa shamba.