Darubini Iliyokataa Kuona Sawasawa

Darubini ikikosa kuonyesha nyota waziwazi, wa kwanza kulaumiwa ni mota inayosogeza vioo. Wataalamu wa Marekani walioiangalia darubini ya Hubble, ile inayoizunguka dunia, nao walianzia hapo.

Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990. Kioo chake kidogo husogezwa na mota kwa amri kutoka ardhini, ili miale ya nyota ikutane mahali pamoja. Walikisogeza mbele, wakakirudisha nyuma, wakipiga picha kila hatua. Mota zilitii, nyota zikabaki na ukungu kandokando. Ndipo ilipodhihirika kwamba mahali pa kukutania miale hapakuwapo kabisa.

Kosa lilikuwa katika kioo kikubwa, chenye upana wa mita 2.4. Ukingo wake ulikuwa umechongwa kupita kiasi kwa takriban sehemu 2 za elfu moja ya milimita. Unywele ni mnene kuliko hapo mara nyingi. Chombo cha kukipimia kiwandani kilikuwa na lenzi iliyokaa mbali na mahali pake kwa milimita 1.3. La kusikitisha zaidi, vipimo vingine viwili vilikwisha kuonyesha dosari, vikapuuzwa, kwani chombo hicho kilidhaniwa kuwa bora kuliko vyote.

Kioo chenyewe hakikuweza kubadilishwa huko juu. Mnamo Desemba 1993 wanaanga waliokwenda kwa chombo cha Endeavour walifunga vioo vidogo vilivyochongwa kwa kosa lile lile, ila kinyume chake, mfano wa miwani kwa mwenye macho mabovu. Picha zikatakata.