Waya wa Ofisini Usifungwe Bila Sisi Kujua



Sisi wa Gisenyi tumekua kando ya viwanda. Kiwanda cha bia kilianza hapa mwaka 1957, na katika miaka ya 1960 gesi ya methani ya Ziwa Kivu ikaanza kuchemsha maboila yake. Kule Pfunda tunakausha chai. Zamani, ukitaka kujua nani ameiwasha mashine, ulitazama ni mkono wa nani uko kwenye swichi.

Leo mashine nyingi zinaongozwa na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya kabati la umeme. Kidhibiti hupokea habari za joto, kasi na uzito, kisha huiamuru mota iende au isimame. Sasa wakubwa wanataka kuziona hesabu za zamu papo hapo wakiwa ofisini. Basi fundi anakuja na waya. Waya huo ndio tunaotaka kuuzungumza.

Katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, waya ulifungwa Jumamosi, wala hakuna mjumbe wa wafanyakazi aliyeambiwa. Kidhibiti kilikuwa na matundu mawili. Fundi alitia waya wa mashine katika moja, na wa ofisi katika la pili. Jumatatu mkanda ukaanza kusimama ovyo. Msimamizi akasema wenzetu ni wazembe, akawakata posho ya zamu. Siku ya tatu ndipo ikagunduliwa kwamba kompyuta moja ya ofisini ilikuwa na anwani ileile ya kifaa cha mkanda, na vilikuwa vinagombana. Kosa lilikuwa la waya, lakini adhabu ililipwa na watu.

Tujifunze hapo: matundu mawili si lazima yawe mitandao miwili. Katika vidhibiti vingine matundu yote mawili ni mlango mmoja wenye anwani moja. Ukitia nyaya mbili humo, umeunganisha ofisi na mashine kuwa nyumba moja isiyo na ukuta. Katika vidhibiti vingine kila tundu lina anwani yake, na mitandao hubaki mbali. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lazima fundi asome kitabu cha kifaa chenyewe.

Hatari haiishii kwenye posho. Machi 2021 kampuni ya bia ya Molson Coors ya Marekani ilivamiwa katika kompyuta zake, na utengenezaji wa bia ukavurugika. Mwaka 2017 wavamizi walikifikia hata kidhibiti cha usalama cha kiwanda kimoja cha petrokemikali huko Saudi Arabia. Kidhibiti kile kina ufunguo wa kuzuia programu yake isibadilishwe, lakini ufunguo ulikuwa umeachwa wazi. Tujiulize: mwenzetu akiwa ameingiza mkono kusafisha mashine, na mtu wa mbali akaiamuru iende, nani atamrudishia vidole?

Hatuipingi kompyuta. Hesabu sahihi zinaweza kututetea hata sisi. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi. Kwa hiyo, kabla ya waya kufungwa, wajumbe wetu wadai haya:

1. Mtandao wa mashine na mtandao wa ofisi viwe mbalimbali. Katikati kiwekwe kifaa cha ulinzi, mfano wa askari wa getini, kinachopitisha kilichoruhusiwa tu.

2. Ofisi isome hesabu, isitoe amri. Ni bora zaidi isome katika kompyuta ya katikati inayohifadhi hesabu, isikiguse kidhibiti kabisa.

3. Kitufe cha dharura na vizuizi vya mashine vifanye kazi kwa nyaya zao wenyewe, hata mitandao yote ikifa.

4. Kama kidhibiti kina ufunguo, ugeuzwe upande wa kazi, kisha utolewe. Aliyepewa aandikwe daftarini.

5. Anayeingia kwenye mashine azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli lake, na ufunguo akae nao mfukoni. Kuzima kwenye kioo cha kompyuta hakutoshi.

6. Waya ufungwe mashine zikiwa zimesimama, kisha ujaribiwe mbele ya mjumbe. Waya wa ofisi ukichomolewa, mashine iendelee kama kawaida. Isipoendelea, kazi haijakwisha.

7. Asiadhibiwe mtu kwa hesabu za kompyuta kabla waya na kifaa havijakaguliwa.

Ndugu, mwulize fundi wa zamu yako leo: waya huu unatoka wapi, na unaenda wapi? Akishindwa kujibu, mwambie mjumbe wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu!