Kutoka michikichi ya Rumonge hadi chanzo cha Nile: Kipande cha mgongo kisicho na kibao

ASUBUHI ya Rumonge huanza na hesabu za samaki. Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa zake hurudi na ndagala na mukeke, na kabla jua halijapanda sana, sehemu ya samaki hao imekwisha kuanza safari ya milimani. Ukiligeuzia mgongo Ziwa Tanganyika unaelewa kwa nini safari hiyo si ya mchezo. Nyuma ya mashamba ya michikichi, ardhi imesimama kama ukuta.

Ukuta huo ni ubavu wa mgongo wa Kongo na Nile, safu ya milima inayotenganisha maji ya mito hiyo miwili mikubwa. Ziwa liko takriban mita 774 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bururi uko kilomita kama 20 tu kutoka Rumonge kwa mstari ulionyooka, lakini vilele vilivyo karibu yake vinapita mita 2,000. Anayetoka ufukweni kwa miguu ana zaidi ya mita 1,200 za kupanda.

Warundi wana majina ya ngazi za safari hiyo. Imbo ni tambarare ya ziwani, yenye joto na mawese. Mumirwa ni mteremko mkali unaofuata. Juu kabisa ziko Mugamba na Bututsi, nchi za ng'ombe, baridi na ukungu. Mpandaji huondoka Imbo akiwa amelowa jasho, na jioni akifika juu anatafuta sweta.

Kinachomchosha si kimo. Milima hii haifikii urefu unaowaumiza vichwa wapandaji wa Kilimanjaro. Kazi iko kwenye magoti. Mito inayoshuka kuelekea ziwani imeichana Mumirwa kuwa mabonde yenye kina, hivyo kila kilima kinapopandwa, kuna bonde la kushuka kabla ya kuanza kingine. Udongo ukilowa huteleza kama sabuni. Mvua hunyesha kuanzia karibu Oktoba hadi Mei, na ndiyo maana kiangazi cha Juni hadi Agosti kinamfaa zaidi mgeni.

Mgeni huyo asitarajie vibao. Njia za hapa ni za wenyeji: mwanafunzi anayewahi shule, mkulima anayeshuka sokoni, mama aliyejitwika dumu la mawese. Zinagawanyika shambani bila taarifa, kwa hiyo mtu wa kuongoza njia ni wa lazima. Lugha nayo hubadilika kadiri unavyopanda. Kiswahili, kinachosikika kila kona ya Rumonge, hupungua kilima baada ya kilima hadi kinabaki Kirundi, na salamu ya “amahoro” humfungulia mgeni milango mingi.

Misitu iliyobaki nayo imejipanga kwa ngazi. Kigwena iko chini, kwenye tambarare ya ziwa. Kwenye miteremko kuna miombo ya Rumonge na Vyanda. Juu ni Bururi, msitu wa mlimani wa hekta zipatazo 3,300. Sokwe wanaishi Vyanda na Bururi. Hifadhi hizi ziko chini ya Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira (OBPE), na mpandaji anapaswa kuripoti kabla ya kuingia.

Bururi ina kisa chake. Kuna chura mdogo mwenye vidole virefu aliyeonekana humo mara ya mwisho mwaka 1949. Miaka ikapita, vita vikapita, wengi wakadhani ametoweka. Desemba 2011 watafiti waliotoka Marekani walimpata tena katika msitu uleule. Msitu ulikuwa umepungua, lakini kipande kilichosalia kilitosha kumhifadhi.

Kipande hicho kinawahifadhi watu pia. Machi 2015, mvua kubwa ilileta maporomoko Gitaza, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Watu walikufa na barabara ikakatika. Miteremko ya pwani hii inashikwa na mizizi, na mizizi hiyo inashindana na jembe, tanuri la mkaa na mchikichi mpya. Mlima ukivuliwa miti, njia ya mpandaji huenda na maji, pamoja na shamba la aliyekuwa akiitumia kila siku.

Majirani wamekwisha kuonyesha kwamba milima kama hii inaweza kulisha watu ikiwa imesimama na miti yake. Kusini, kwenye ufuko huohuo wa ziwa, Tanzania ina Hifadhi ya Taifa ya Gombe tangu 1968, na wageni huja kutoka pembe zote za dunia kuwaona sokwe. Kaskazini, Rwanda imeweka njia ya Kongo na Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, juu ya Ziwa Kivu. Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, iko katikati ya hao wawili, na kipande chake cha mgongo bado hakina kibao.

Kinachohitajika si kikubwa: alama za njia, vijana wa vijijini waliofunzwa kuongoza wageni, nyumba chache za kulala. Hapo mti uliosimama utakuwa na mnunuzi anayeshindana na gunia la mkaa.

Mwisho wa njia unastahili jasho hilo. Mashariki ya Bururi, huko Rutovu, kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 baada ya Mjerumani Burkhart Waldecker kukitambua kijito cha Kasumo kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kabisa. Maji yake hupita Ruvubu, Kagera na Ziwa Viktoria hadi Bahari ya Kati. Mvua inayonyesha upande wa pili wa mgongo hushuka Tanganyika, ikaingia Kongo, ikaishia Atlantiki. Aliyepanda kutoka Rumonge hufika hapo akiwa na ziwa moja nyuma yake na jingine mbele yake, na miguu yake inajua umbali uliopo kati yao.