Ratili Hamsini: Hesabu ya Kuwinda kwa Ndege, Kutoka Alaska Hadi Takaungu

Katika mnada wa mifugo wa Mariakani, mwenye shilingi 20,000 hununua kondoo dume na chenji ikabaki mfukoni. Huko Alaska kuna watu wanaotumia zaidi ya shilingi milioni 3 kwa ajili ya kondoo mmoja, tena wa kumtafuta wenyewe mlimani kwa siku kumi, katika baridi na mvua, na pengine wakarudi mikono mitupu. Mtu wa Kilifi akisikia hayo atataka kujua pesa zote hizo zinakwenda wapi. Swali lake ni la haki, na jibu linatugusa kuliko tunavyodhani: kumfuata mnyama kwa ndege ndogo ni jambo lililofanywa hapa kwetu Pwani karibu miaka 100 iliyopita, na mnyama wenyewe alikuwa ndovu.

Tuanze na pesa. Nahesabu dola moja kwa shilingi 129. Mgeni asiye mkazi wa Alaska hulipa dola 160 za leseni ya kuwinda na dola 850 za kibali cha kondoo mweupe wa mlimani, yule aitwaye kondoo wa Dall. Jumla ni dola 1,010, yaani shilingi 130,290. Hadi hapo hakuna la kutisha. Lakini sheria ya jimbo hilo haimruhusu mgeni kumwinda kondoo huyu bila mwongozaji aliyesajiliwa, isipokuwa awe na ndugu wa karibu anayeishi huko. Mwongozaji hutoza kati ya dola 20,000 na 30,000, na wengine huvuka hapo. Tuchukue 25,000: ni shilingi 3,225,000. Tiketi ya kutoka Malindi hadi Anchorage na kurudi, tuseme dola 2,500, inaongeza shilingi 322,500. Ukijumlisha yote unafika karibu shilingi 3,678,000, na ndani yake ada ya serikali, ambayo ndiyo bei ya haki ya kumwinda mnyama, haifiki hata asilimia 4.

Asilimia 96 inayobaki ni gharama ya kumfikia. Milima hiyo haina barabara. Atakayekwenda kwa miguu atamaliza msimu wote, unaoanza 10 Agosti hadi 20 Septemba, kabla hajamwona hata kondoo mmoja. Kwa hiyo lazima apande ndege, na ndege inayoweza kutua juu ya kokoto za ukingo wa mto ni ndogo sana. Hapo ndipo hesabu inapoacha shilingi na kuhamia kwenye mizani.

Ndege inayopendwa na marubani wa kule ni Piper Super Cub, yenye viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine. Tupu ina uzito wa takriban kilo 422, na haitakiwi kupaa ikiwa na zaidi ya kilo 794. Tofauti ni kilo 372. Matangi yakijaa, mafuta hula kilo 98. Rubani, tuseme kilo 80. Mwindaji na viatu vyake vizito na nguo alizovaa, kilo 90. Zimebaki kilo 104 kwenye karatasi, lakini kwenye kokoto, penye upepo wa kubadilika na kijia kifupi cha kupaia, hakuna rubani mwenye akili atakayezitumia zote. Ndiyo maana wengi huwaambia abiria wao: mzigo wako usizidi ratili 50. Ni kilo 23.

Beli moja ya unga wa mahindi, zile pakiti 12 za kilo mbili mbili, ni kilo 24. Mwindaji anaambiwa aishi mlimani siku kumi kwa mzigo usiofika beli ya unga. Atapangaje? Begi lenyewe kilo 2.5. Hema kilo 1.5. Mfuko wa kulalia na mkeka wake kilo 2. Bunduki na risasi kilo 3.5. Darubini mbili, moja ya shingoni na moja ya kusimamisha chini, kilo 2. Jiko na gesi kilo 1. Nguo za baridi na za mvua kilo 2.5. Hizo ni kilo 15, na zinazobaki 8 ni chakula: gramu 800 kwa siku. Lakini ukungu ukishuka ndege haiji, na ukungu hauna miadi. Akitaka akiba ya siku mbili anahitaji kilo 1.6 zaidi, ambazo lazima zitoke mahali. Wazoefu hukata mpini wa mswaki. Huacha shati la pili. Maandalizi yao ya miezi mingi ni kupima kila kitu kwa mizani ya jikoni na kujiuliza: hiki nikikiacha, nitakufa? Napenda nidhamu hiyo. Humfundisha mtu tofauti ya haja na hamu upesi kuliko hotuba yoyote.

Akifanikiwa, mizani inamgeukia. Sheria inamtaka aondoe mlimani nyama yote inayolika, si pembe peke yake. Kondoo dume mzima ana kilo 70 hadi 110. Nyama iliyotolewa mifupa tuikadirie kilo 30, kichwa chenye pembe na ngozi kilo 18. Chakula kimekwisha, kambi imebaki kilo 15. Jumla kilo 63. Ni mitungi mitatu ya maji ya lita 20, na zaidi, mgongoni pa mtu mmoja kwenye mteremko wa mawe yanayoteleza. Wengi huzigawa, wakashuka na kupanda tena.

Babu zetu wa misafara wangeuelewa mzigo huo bila kikokotoo. Pembe za ndovu zilizoshuka kutoka bara hadi bandari za Pwani zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35. Frasila mbili ndizo zilizohesabiwa kuwa mzigo kamili wa mpagazi. Wakoloni baadaye waliweka kikomo cha ratili 60. Kilo 63 za mwindaji wetu wa Alaska ni frasila nne: wapagazi wawili ndani ya mtu mmoja. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909, msafara wake ulikuwa na wapagazi wapatao 250. Zidisha kwa ratili 60 upate ratili 15,000, karibu tani 7, zilizotembea kwa miguu ya watu ambao majina yao mengi hatuyajui. Leseni ya mwindaji mgeni wakati huo ilikuwa pauni 50. Hata wakati ule, gharama kubwa ilikuwa kubeba.

Sasa twende Takaungu, mji uliokuzwa na ukoo wa Wamazrui baada ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, kuwang'oa Mombasa mwaka 1837. Karibu na hori yake, Mwingereza Denys Finch Hatton alikuwa na nyumba. Aliongoza safari za matajiri, akiwamo mrithi wa ufalme wa Uingereza, na mwaka 1930 akaleta Kenya ndege ya Gipsy Moth. Ndege hiyo, tupu, ilikuwa na takriban kilo 417, na iliyojaa kilo 750. Rudi juu ulinganishe na Super Cub: zikiwa tupu tofauti ni kilo 5 tu, na zikijaa ni kilo 44. Mashine ya Finch Hatton na ile inayotua leo Alaska ni ndugu kwa mizani.

Faida yake kwa mwindaji ilikuwa hivi. Kutoka Takaungu hadi Voi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 140. Msafara wa miguu, ukienda kilomita 25 kwa siku, ungetumia siku sita ukikata nyika ya Taru isiyo na maji, na ukifika ukakuta ndovu wamehama juzi. Gipsy Moth ilisafiri kwa mwendo wa kilomita 137 kwa saa. Siku sita zikawa saa moja. Tena kutoka juu, kundi ambalo mfuatiliaji wa nyayo angelitafuta wiki nzima lilionekana kwa kutupa jicho. Wazo la Finch Hatton lilikuwa kutumia ndege kama jicho: kuwatafuta ndovu wenye pembe kubwa, kisha kuwaelekeza wateja wake. Rubani Beryl Markham aliichukua kazi hiyo baadaye, akiruka juu ya vichaka vya nyika kumtafutia ndovu mwindaji Bror Blixen.

Mei 1931 Finch Hatton aliruka kwenda Takaungu, kisha akapitia Voi kuangalia ndovu. Tarehe 14 asubuhi ndege ilipaa Voi, ikaanguka, ikawaka moto. Alikufa yeye na mtumishi wake Kamau. Vitabu na filamu vimemlilia mmoja. Ndege ile ilikuwa na viti viwili, na kila mara hesabu ya marehemu inapotajwa, naomba itajwe kamili.

Mtu huyu huyu, miaka michache kabla, aliandika katika gazeti la The Times la London akilaani watu waliokuwa wakiua simba wa Serengeti kutoka ndani ya motokaa. Aliona wazi kwamba injini inaweza kuufanya uwindaji uwe uchinjaji. Sijui kwa nini jicho la angani halikumsumbua vivyo hivyo, lakini Alaska limewasumbua. Kule, aliyeshuka kwenye ndege haruhusiwi kupiga mnyama siku hiyo. Angoje mpaka saa 9 usiku wa kuamkia siku ya pili. Na tangu 2015, katika msimu wa kondoo ndege inaweza kumpeleka mwindaji na kumrudisha, kubeba kambi na nyama, lakini haiwezi kutumika kuwatafuta kondoo. Dume mwenyewe lazima pembe yake iwe imezunguka duara kamili, au pembe zote mbili ziwe zimevunjika ncha, au awe na miaka minane na kuendelea kwa pete zinazohesabika kwenye pembe. Sheria hiyo ya ndege imepiga marufuku kazi ile ile iliyofanywa kati ya Takaungu na Voi. Naiona ni sheria ya haki. Ndege ibebe mzigo. Macho yawe ya mtu mwenye miguu chini.

Hapa kwetu kulikuwa na watu ambao hawakuhitaji kuambiwa hivyo. Waata, ambao majirani wamezoea kuwaita Waliangulu au Wasanye, waliwinda ndovu kati ya Sabaki na nyika ya Tsavo kwa uta. Si uta wa mchezo: kuuvuta kulihitaji nguvu inayozidi ratili 100, zaidi ya kilo 45, na mshale ulipakwa utsungu uliochemshwa kutokana na mti wa Acokanthera, sumu inayosimamisha moyo. Mzigo wa mwindaji wao ulikuwa uta, podo, kisu na kibuyu cha maji. Ndovu wa tani 5 habebeki, basi watu walihamia alipoanguka. Gharama yao ilikuwepo pia: kwa desturi ya zamani, pembe moja ya kila ndovu ilikwenda kwa mkubwa wao wa Kioromo. Asilimia 50 ya pembe. Alaska haitozi hivyo.

Mwaka 1948 Hifadhi ya Tsavo ikatangazwa, na katikati ya miaka ya 1950 operesheni kali dhidi ya ujangili ikawapeleka wengi wao jela. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, wa kuwaajiri Waata katika uvunaji halali wa wanyama kwenye eneo la maili za mraba 3,000, takriban kilomita za mraba 7,770, ukubwa unaozidi nusu ya Kaunti ya Kilifi. Haukudumu hata miaka kumi. Eneo likageuzwa ranchi. Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Siombi marufuku hiyo iondolewe, kwa kuwa ndovu waliouawa na majangili wa bunduki miaka iliyofuata wanatosha kunionya. Lakini tazama tarakimu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, kwa mtu anayewinda ili ale. Mwaka huo huo wa 2013, jimbo la Montana nchini Marekani lilipiga mnada kibali kimoja cha kondoo mwitu, kikanunuliwa kwa dola 480,000: kwa hesabu yetu ya leo, shilingi 61,920,000, zilizoelekezwa kwenye uhifadhi wa kondoo. Pakistan nako, vibali vya mbuzi wa milimani aitwaye markhor huuzwa kwa makumi, hata mamia, ya maelfu ya dola, na asilimia 80 ya pesa huenda kwa vijiji vya milima hiyo.

Asilimia hiyo 80 ndiyo ninayoifikiria nikivuka daraja la Sabaki. Kenya inalinda ndovu na kuuza picha yake kwa watalii. Ni biashara halali na mimi naiunga mkono. Watalii hao wengi hulala Malindi na Watamu, huondoka alfajiri kwa gari, huingia Tsavo kwa lango la Sala, kilomita zisizozidi 120, na kurudi jioni. Njiani wanakatiza nchi ya Waata. Kijana wa Kiata anayejua kusoma unyayo, ujuzi ambao mwongozaji wa Alaska anautoza dola 25,000, mara nyingi hayumo kwenye gari hilo hata kama abiria.

Na kama yupo msomaji mwenye pesa na hamu ya kwenda kumfuata kondoo wa Dall, afanye mazoezi Mlima Mwangea, kule Ganze. Una mita zipatazo 520 juu ya bahari, na kondoo hukaa juu zaidi ya hapo mara mbili au tatu. Basi aupande asubuhi, ashuke, aupande tena jioni, beli ya unga ikiwa mgongoni. Akiuzoea, aongeze mtungi wa maji wa lita 20. Wanawake wa Ganze atakaopishana nao njiani watakuwa wamebeba mtungi wa namna hiyo hiyo kichwani, kutoka kwenye silanga.